HOTUBA YA MWENYEKITI SIKU YA KUTIMIZA MIAKA KUMI: KWA NINI SANDUKU LETU LINAMSOMESHA MSHAURI WA WALEVI

  

Kwanza kabisa tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku hii tukiwa wazima. Wenzetu waliotangulia mbele ya haki tunawaombea mapumziko mema. Pili tunawashukuru wote waliotuchangia: aliyetoa mchele, aliyetoa turubai, aliyetoa gari la kuletea viti, na hata yule aliyetoa maneno matupu, maana nayo yanatia moyo.

Kikundi chetu kilianza mwaka 2015 tukiwa akina mama 18 chini ya mkorosho wa mwenzetu, na sanduku la bati lenye kufuli tatu. Hesabu za miaka kumi, yaani hisa, mikopo, mfuko wa jamii na gawio, mweka hazina wetu amezipanga vizuri katika kurasa nyingine za kitabu hiki, na yeye ana mwandiko mzuri kutuzidi sote. Hatutazirudia. Sisi tumetumwa tuseme juu ya jambo moja tu, ambalo watu wanatuuliza sokoni, kisimani na hata msibani: hivi ni kweli kikundi cha akina mama wa hisa kinamlipia mtu ada asome kwa simu, tena asomee ulevi?

Ni kweli. Ila hasomei ulevi. Ulevi hapa kwetu hausomewi, mtu anafuzu mwenyewe. Anasomea unasihi, yaani kazi ya kukaa na mtu aliyetekwa na pombe au bangi au unga na kumsaidia atoke. Wataalamu mtu wa namna hiyo wanamwita mraibu, na hali yenyewe uraibu. Sisi tulizoea kusema mlevi, tukamaliza.

Ndugu mgeni rasmi, wageni waliotoka mbali pengine hawaujui msimu wetu. Sisi wa huku juu Newala, na ndugu zetu wa Masasi kule bondeni, tunaishi kwa korosho. Kila korosho inakuja na bibo lake, na bibo ni zito mara kadhaa kuliko korosho yenyewe. Korosho ina heshima zake: inapelekwa ghalani, inaandikiwa stakabadhi, inapigwa mnada. Bibo halina mnada. Likidondoka leo, keshokutwa limeoza. Basi tunalikamua, maji yake yakilala yanakuwa uraka. Yanayobaki tunayaanika juani yanakuwa kochoko, na kochoko inakaa, inasubiri kupikiwa gongo wakati msimu umekwisha na mifuko imekauka. Uraka mzee anaupiga kata mbili akitoka shambani, anasimulia habari za zamani, analala. Gongo ni jambo jingine. Imekatazwa kwa sheria ya mwaka 1966. Kila mtu anajua imekatazwa, na kila mtu anajua nyumba inakopikwa.

Sasa angalia ubaya wake. Fedha ya korosho na pombe ya mabibo vinafika nyumbani wakati mmoja. Mwanamume amelipwa, na pombe ipo mlangoni, tena rahisi kuliko soda.

Na nani anapika? Tusizunguke mbuyu. Ni sisi akina mama. Msimu wa 2018, bei ilipotangazwa kuwa sh. 3,300 kwa kilo na fedha zikachelewa kufika mikononi mwa wengi, kuna nyumba humu kijijini zilikula kwa mabibo tu. Hisa nyingi za mwaka ule ziliwekwa kwa fedha ya uraka, na tunajua. Tunasema hivi ili mtu asidhani kikundi hiki ni cha watakatifu wanaowanyooshea wengine kidole.

Huyo binti tunayemsomesha ni mtoto wa mwenzetu mmoja. Jina hatulitaji kwa sababu mwenyewe ameomba hivyo, na mtaona mbele kwamba kutotaja majina ni sehemu ya kazi yake. Alimaliza stashahada ya maendeleo ya jamii, akarudi nyumbani, ajira hakuna. Akafungua kibanda cha wakala wa fedha za simu pale njia panda. Sasa mtu wa kibanda kile anaona mambo ambayo padre hayaoni. Asubuhi baba anakuja kutoa fedha ya korosho, anahesabu, anacheka. Jioni anarudi ameshika ukuta, anataka kutoa nyingine. Baada ya wiki tatu anakuja kuomba akopeshwe nauli ya kumpeleka mtoto hospitali. Binti yule alikuwa akiandika katika daftari lake si majina, ila siku tu. Akatuambia, mama zangu, hawa watu si wapumbavu. Kuna kitu kinawashika, na mimi nataka kujua ni kitu gani.

Mwaka 2021 alikuja mbele ya kikundi na ombi. Alitaka kujiandikisha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kusomea shahada ya ustawi wa jamii, na pamoja na hiyo asome kozi fupi za unasihi wa waraibu zinazofundishwa kwa mtandao kutoka nje. Chuo Kikuu Huria si cha jana. Kilianzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992, kikaanza kufundisha 1994, na kina kituo chake Mtwara mjini. Mwanafunzi anasoma akiwa kwake, anauza duka lake, ananyonyesha mtoto wake, na mtihani unapofika anakwenda kituoni kuufanya mbele ya msimamizi.

Ombi lile lilikula vikao vitatu. Mwenzetu mmoja alisimama akasema, "Yaani tumlipie mtu wa kutufukuzia wateja?" Tulicheka mpaka mtoto aliyelala mgongoni akaamka. Lakini yeye hakuwa anatania. Ana watoto wanne na pipa moja, na pipa ndilo linalowavalisha sare. Akasimama mwingine, wala hakupandisha sauti, akasema, "Mteja wako mmoja ni mume wangu." Hapo kikao kikanyamaza. Hakuna aliyejua atazame wapi. Hawa wawili ni majirani, wamepakana ua, na wameweka hisa katika sanduku moja tangu siku ya kwanza.

Kikao cha tatu tulikubaliana hivi: nusu ya ada iwe mkopo wa kawaida atakaoulipa kwa kibanda chake, nusu itoke mfuko wa jamii. Na sharti moja. Kila Jumamosi ya pili, tukimaliza kuhesabu hisa, atukalie mkekani atufundishe alichosoma.

Kulikuwa na maneno mengi. Eti kusoma kwa simu si kusoma, simu ni ya umbeya na picha. Wanaosema hivyo wamesahau au hawakuwepo. Mama zetu walisoma kwa redio. Mwaka 1973 ilikuja kampeni ya Mtu ni Afya. Watu walikaa kwa vikundi, redio katikati, kitabu mkononi mwa kiongozi, wakisikia kipindi wanakijadili, wakitoka hapo wanakwenda kuchimba choo na kufyeka majani kuzunguka nyumba. Nchi nzima walishiriki watu wanaokaribia milioni mbili. Mwalimu alikuwa Dar es Salaam, hawakumwona hata sura. Na walikuwepo waliosoma kwa posta, unaandikiwa somo, unajibu, unatia stempu, unasubiri. Sasa simu ina tofauti gani, ila kwamba jibu linarudi upesi?

Tofauti ipo, ni kwenye gharama na mtandao. Redio ilikuwa betri tu. Simu inataka chaji na bando. Somo lenye picha za kutembea linakula bando kama mbuzi kwenye mihogo. Binti alijifunza kuamka usiku wa manane, wakati mtandao umepungua watu, akapakua masomo ya wiki nzima, mchana anayasoma bila kulipia. Siku za mawingu sola haichaji, anakwenda kuchajia kwa jirani mwenye umeme. Siku ya mtihani anapanda gari kupitia Tandahimba mpaka Mtwara, na nauli ile nayo iko katika daftari la mweka hazina.

Masomo yenyewe ni ya Kiingereza. Na hapa ndipo sharti letu la mkekani lilipomsaidia kuliko alivyotegemea, maana huwezi kumweleza mama wa darasa la saba jambo ambalo wewe mwenyewe umelikariri tu. Akifika kwenye neno gumu tunamkamata. Lile neno la mateso anayopata mtu akikosa kilevi chake alilizunguka kwa sentensi nne, mpaka kijana mmoja aliyekuwa anapita akasema, "Mama, hiyo si arosto?" Ndiyo, arosto. Vijana wa mjini neno wanalo siku nyingi. Likaandikwa kwenye daftari.

Jambo lililotushangaza zaidi ni namna mnasihi anavyozungumza. Sisi tumelelewa kwa kuambiwa. Unyagoni nyakanga anasema, mwali anainamisha kichwa. Msikitini, kanisani, barazani, mkubwa anasema, mdogo anasikiliza. Kwa hiyo tulidhani binti anafundishwa namna ya kuwaonya walevi kwa maneno makali zaidi kuliko yetu. Kumbe anafundishwa kuuliza na kunyamaza. Kuna mtaalamu wa Marekani, William Miller, aliyeandika juu ya njia hii mwaka 1983. Yeye aliona kwamba ukibishana na mnywaji, unamfanya aitetee pombe yake. Unasema acha, yeye anatafuta sababu ya kutoacha, na kila sababu anayoitamka inamkaa zaidi moyoni. Lakini ukimwuliza vizuri, sababu za kuacha anaanza kuzitaja mwenyewe.

Hatukuamini. Binti akasema basi tucheze. Mmoja wetu akawa mume mlevi, mwingine mke. Mke alifungua mdomo, akaanza na mahari akamalizia na ukoo wa mama mkwe, tukampigia makofi. Mume akajibu moja baada ya moja, wala hakushindwa. Kisha binti akakaa pale pa mke, akauliza, "Baba, hii pombe inakusaidia nini?" Tulipiga kelele, swali gani hilo! Inamsaidiaje? Lakini mwenzetu aliyecheza mume alikaa kimya kidogo, akasema, inanipa usingizi. Mgongo hauumi. Nikiwa na wenzangu nasahau deni. Binti akaitikia tu. Halafu akauliza, "Na inakunyima nini?" Mwenzetu akaanza kutaja: mtoto wa kwanza hanisalimii tena, nilianguka na baiskeli, kuna siku mbili sizikumbuki kabisa. Akafika hapo akashindwa kuendelea, akajifunika kanga usoni. Yale hayakuwa maneno ya kuigiza. Ni maneno ambayo mumewe humwambia usiku, na yeye kila mara humjibu kwa matusi.

Walitufundisha pia maswali kumi ambayo Shirika la Afya Duniani limeyatengeneza ya kumpima mnywaji. Yalijaribiwa kwanza katika nchi sita, na Kenya ilikuwa mojawapo. Tafsiri ya Kiswahili imefanyiwa utafiti pale hospitali ya KCMC, Moshi. Unaulizwa unakunywa mara ngapi, kiasi gani, kama kuna siku ulishindwa kuacha ukishaanza, kama asubuhi unahitaji moja ya kutuliza mikono, kama ndugu au mganga ameshawahi kukuambia upunguze. Kila jibu lina namba, jumla ya juu ni 40, na ukifika 8 kwenda juu ujue pombe inaanza kukuharibia. Maswali mazuri. Lakini yamepangwa kwa kipimo cha mtu wa bia ya chupa. Nusu lita ya bia ni kama vipimo viwili, sawa. Na kata ya uraka ni ngapi? Uraka wa asubuhi si uraka wa jioni. Na gongo? Kila pipa lina ukali wake na kila mama ana mkono wake. Binti alituma swali hilo kwa mwalimu wake wa nje, na mwalimu akajibu kwa heshima kwamba yeye hajawahi kuliona bibo. Basi wakakubaliana aangalie zaidi yale maswali ya mwisho, yanayouliza madhara, kuliko yale ya kipimo.

Ndugu mgeni rasmi, sasa tuseme jambo zito.

Mwaka 2019 shemeji wa mwenzetu mmoja, mtu wa miaka arobaini na kitu, aliamua kuacha gongo. Alikunywa kila siku kwa miaka mingi, asubuhi mpaka usiku. Aliweka nadhiri mbele ya watu, akavunja chupa, watu wakashangilia. Siku ile ile akaacha kabisa. Usiku akaanza kutetemeka na kutoka jasho. Siku ya pili anaona wadudu ukutani, anaongea na marehemu baba yake. Watu wakasema amerogwa na wale wauza gongo waliokosa mteja. Wakatafuta mtaalamu wa kienyeji. Siku ya tatu akapata degedege kama mtoto mwenye malaria, mara moja, mara mbili, na alipowekwa kwenye pikipiki kupelekwa hospitali alikuwa ameshakata roho.

Miaka mitatu baadaye, Jumamosi moja ya kawaida, binti alikuwa anatusomea somo la namna pombe inavyofanya kazi mwilini. Akasoma kwamba mtu aliyekunywa sana kwa muda mrefu, ubongo wake umeshazoea kusukumana na pombe. Ukiiondoa ghafla, ubongo unabaki unasukuma peke yake. Ndipo inakuja mitetemo, jasho, kuona visivyokuwepo, na degedege, hasa katika siku mbili tatu za mwanzo. Na kwamba hali hiyo inaua, na kwamba inatibika hospitalini kwa dawa za kutuliza, maji na vitamini. Alisoma polepole huku akitafsiri. Mwenzetu mwenye shemeji alisimama, akatoka, akaenda kukaa nyuma ya nyumba. Hatukumfuata mara moja. Baadaye akarudi akasema neno moja tu: "Kumbe hakurogwa."

Kwa miaka mitatu nyumba ile na nyumba ya jirani zilikuwa hazisalimiani kwa ajili ya uchawi ule. Mwezi uliofuata wake wa nyumba zile walikwenda kuzungumza. Hilo peke yake, kwa upande wetu, lilishalipa ada.

Msimu uliopita mtu mwingine alitaka kuacha. Alikwenda kibandani usiku, akamwambia binti, kuanzia kesho basi. Binti akamwambia, baba, usiache usiku huu peke yako, subiri kesho twende wote zahanati. Pale zahanati alipimwa akaandikiwa rufaa, akalazwa, akakaa siku kadhaa, akarudi mzima na mkewe. Tusidanganyane: harusi ya Desemba alikunywa tena. Watu wakasema, si mnaona? Binti hakusema kitu, alikwenda kumwuliza ilikuwaje. Mpaka leo tunapoandika hotuba hii, mtu yule anaendelea kuja. Masomo yanasema kuteleza ni sehemu ya safari kwa watu wengi, na mnasihi anayekasirika mteja akiteleza achague kazi nyingine.

Kuna mambo simu haiwezi kufundisha. Simu haikuonyeshi namna ya kukaa na mtu anayelia. Kwa hiyo binti alikwenda Dar es Salaam wiki kadhaa, kwenye nyumba moja ya upataji nafuu, kujifunza kwa vitendo. Huko tatizo ni unga. Alituambia juu ya dawa ya methadoni, iliyoanza kutolewa Hospitali ya Taifa Muhimbili Februari 2011, kisha Mwananyamala, Temeke na mikoa mingine kama Mbeya. Mtu anafika dirishani kila siku, anakunywa dozi yake mbele ya muuguzi, anakwenda kazini. Na alikutana na wanasihi waliotoka Zanzibar, ambako nyumba kama hizo zinaendeshwa na watu ambao wao wenyewe walikuwa wanatumia wakaacha. Tulimwuliza, hiyo methadoni si utuletee? Akasema, mama zangu, hiyo ni ya unga. Kwa gongo halifai dirisha lile.

Kozi zake za kimataifa zinafuata mtaala wa Colombo Plan, shirika la nchi za Asia lenye makao yake Sri Lanka. Ngazi ya mwanzo ina masomo manane, na la mwisho ni maadili. Somo hilo ndilo lililotuletea ugomvi. Mwenzetu alimwona mumewe akitoka kwa binti, akaja kuuliza, amekuambia nini? Binti akakataa. Mama yule akapandisha: fedha ya hisa yangu imekusomesha, halafu unanificha habari za mume wangu? Kikao kizima tulikuwa upande wa mama, tuseme ukweli. Binti akasema, siku nitakapokuambia ya mumeo, mumeo hatarudi, na siku utakapokuja wewe nitakwenda kumwambia yeye. Mama mzazi wa binti naye anauza uraka, na alipotaka ashauriwe juu ya mdogo wake, binti alisema jamaa yake hawezi kumhudumia, atafute mtu mwingine. Kijiji chetu hakijazoea siri ya namna hiyo. Kinaizoea taratibu.

Kwa vijana wanaotaka kumfuata, neno moja fupi. Kuna matapeli. Mtandao mmoja uliahidi cheti cha unasihi kwa siku tatu, ukitanguliza fedha. Kabla hujalipa, uliza kama chuo kinatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu, au na NACTVET kwa vyeti na stashahada. Na ujue cheti cha mtandaoni ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kukaa chini ya mtu mzoefu anayekuangalia unavyofanya.

Sasa lile pipa. Tangu mwaka 2023 kikundi kimeamua kwamba mkopo wa sanduku letu hautolewi kununua kochoko wala vyombo vya kupikia gongo. Lakini mtu akileta hisa, hatumwulizi imetoka wapi. Kuna waliosema huo ni unafiki. Sisi tunaona ndivyo ilivyowezekana bila kuwafukuza wenzetu wenye shida kuliko sote, maana tukiwafukuza watapika zaidi, tena bila kikundi. Kituo cha utafiti cha Naliendele, pale Mtwara, kinafundisha kutengeneza juisi na jamu za mabibo. Wawili wetu wanatengeneza juisi. Wengine bado, na tunaelewa. Juisi inataka chupa, jokofu na soko. Gongo inataka pipa na kiza.

Ndugu mgeni rasmi, maombi yetu hayana gharama kubwa. Binti sasa yuko mwaka wa mwisho. Tunaomba chumba kimoja, pale zahanati au ofisi ya kijiji, alasiri mbili kwa wiki, chenye mlango unaofungika. Kwa sasa anakutana na watu chini ya mkorosho, na kila anayepita anahesabu nani amekuja. Tunaomba halmashauri, kupitia afisa ustawi wa jamii, imchukue afanye kazi chini ya usimamizi, ili saa zake zihesabike. Wahisani wenye simu janja iliyokaa kabatini, tunaipokea, maana kijana wa pili ameshaomba.

Na ombi la mwisho ni kwenu mashehe na mapadre wetu, kwa heshima kubwa. Mtu akija mbele yenu kuapa kuacha pombe, mpokeeni, mwombeeni. Ila kama amekunywa kila siku kwa miaka, kabla hajaondoka mwulizeni atalala wapi usiku huo na nani, na mwambieni kesho asubuhi apite zahanati. Mganga mfawidhi yupo hapa, ametuahidi atampokea.

 Chakula kiko tayari, kuna wali, kuna ming'oko ya kuchemsha, na juisi ya mabibo iliyokamuliwa leo asubuhi, haijalala.